Kujenga jiko la udongo kwa kikundi: mwongozo wa anayeongoza mafunzo

Maswali yanayotufikia ni yale yale. Niite watu wangapi? Udongo upi unafaa? Mbona jiko letu limepasuka kabla hata ya kupikiwa chai? Watu wanadai nauli, niwape? Nimeona heri niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili uweze kuongoza kikundi kuanzia kuchimba udongo hadi kuwasha moto.

Mfano nitakaotumia ni jiko la kuni la sufuria mbili lenye bomba la moshi, lile ambalo Uganda linajulikana kwa jina la Lorena. Wizara ya nishati na shirika la Kijerumani la GTZ walilieneza sana miaka ya 2000, hasa upande wa Bushenyi, kwa hiyo si ajabu ukakuta jirani yako analo. Nimelichagua kwa sababu linafundisha: vifaa karibu vyote vinatoka shambani, kosa linaonekana kwa macho, na mtu akirudi kwake ana kazi ya kuanza kesho yake. Ukishaliweza hili, bustani ya jikoni au choo cha mboji utakiongoza kwa utaratibu uleule.

Ninaowafikiria ninapoandika ni watu wa wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, hasa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako kwenye kikundi kimoja utamkuta Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na mwenyeji Mnyankole, na Kiswahili ndicho kinachowasikilizanisha. Lakini ukiwa Arua, Bombo au Kasese, kazi haibadiliki.

Jambo moja nalishikilia kuliko mengine yote: anayeongoza asijenge. Ukishika udongo wewe, wao watatazama. Watapiga makofi, watapiga picha, na baada ya mwezi kijiji kitakuwa na jiko moja tu, lile ulilolijenga wewe.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

Kwa jiko moja:

- Udongo wa kichuguu, toroli sita hadi nane. Usipopata kichuguu, udongo wowote wa mfinyanzi.
- Mchanga, toroli mbili au tatu.
- Nyasi kavu zilizokatwakatwa, urefu wa kidole, gunia moja.
- Vumbi la mbao kutoka kwa seremala, gunia moja. Maganda ya kahawa au pumba za mpunga pia hufaa.
- Mashina mawili au matatu ya migomba iliyokwisha kuvunwa.
- Maji, jerikeni tano au zaidi. Mahali pa shida ya maji, kila mshiriki aje na yake.
- Majembe mawili, beleshi, panga moja kali, turubai kuukuu la kukanyagia udongo, ndoo, kisu.
- Sufuria mbili za mwenye nyumba, zile zile anazopikia kila siku. Usiazime.
- Chakula cha mchana cha watu wote.

Kuhusu watu: wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, nusu watakaa kivulini wakipiga soga, na si kosa lao, mikono ni mingi kuliko jiko. Wakija thelathini, jenga majiko matatu katika nyumba tatu, au wagawe kwa siku. Hakikisha wanaopika ndio wengi. Nimeona mafunzo ambayo wanaume kumi walijifunza jiko na mama mmoja alipewa kazi ya kuchemsha chai. Ukiuliza baadaye nani ana jiko, utajibiwa kwamba mume yuko safarini.

Nauli: mimi sitoi. Najua mashirika yametuzoesha kusaini karatasi na kurudishiwa nauli, na mtu akiuliza usimkasirikie, ana haki ya kuuliza. Mwambie mapema, siku ya kumwalika, kwamba kutakuwa na posho (yaani ugali, si pesa) na maharagwe, na kwamba atakayeshiriki atasaidiwa na kikundi kujenga la kwake. Wakongomani wana salongo yao, Waganda wana bulungi bwansi. Hakuna asiyejua kazi ya pamoja ni nini. Atakayekuja kwa ajili ya pesa tu hatakuja, nawe utakuwa umeokoa sahani.

Mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ndani ya makazi ya wakimbizi, mjulishe pia mwenyekiti wa RWC, kamati ya wakimbizi wenyewe. Ni dakika kumi za mazungumzo, na zinakuondolea maswali mchana kazi ikiwa imepamba moto.

Kuhusu majira, kusini mwa Uganda mvua hunyesha zaidi Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba mwanzoni. Jenga Juni au Julai, au Januari. Watu hawana palizi, na jiko linakauka.

Hatua kwa hatua

1. Wiki mbili kabla: nendeni kwenye kichuguu pamoja.
Usilete udongo tayari. Nusu ya ujuzi iko hapa, na mtu aliyekuta udongo umerundikwa uani hatajua kwake auchimbe wapi. Chagueni kichuguu kilichokufa, kisicho na mchwa. Na ulizeni mwenyewe kwanza, hata kama kiko porini: vichuguu vingi vina wenyewe kwa sababu ya kumbikumbi, na mtu aliyezoea kuwavuna pale kila msimu hatakuchekea ukikibomoa. Piga kishindo kwa jembe na subirini kidogo kabla ya kuingiza mikono; nyoka hupenda mashimo hayo.

2. Siku hiyohiyo: tofali za majaribio.
Hakuna kipimo kimoja cha mchanganyiko kinachofaa Uganda nzima, kwa kuwa udongo wa kila kilima ni tofauti. Kwa hiyo kikundi kijaribu chenyewe. Tengenezeni tofali nne ndogo:

- ya kwanza, udongo mtupu;
- ya pili, udongo sehemu mbili, mchanga sehemu moja;
- ya tatu, nusu kwa nusu;
- ya nne, kama ya pili, lakini na nyasi konzi mbili.

Msiandike kitu. Tobolea alama kwa kidole: tundu moja kwa tofali ya kwanza, mawili kwa ya pili, hivyo hivyo hadi nne. Asiyejua kusoma atazitambua sawa na mwalimu wa shule. Zikaukie kivulini kwa mwenye nyumba, siku saba au zaidi.

3. Wiki moja kabla: someni tofali.
Wape tofali mikononi, nyamaza. Mmoja atakwaruza kwa ukucha, mwingine ataiangusha kutoka usawa wa kiuno. Iliyopasuka nyufa nyufa ina mfinyanzi mwingi. Inayomomonyoka kama sukari ina mchanga mwingi. Mara nyingi ile ya nne hushinda, lakini usiwaambie. Wakichagua wenyewe, watakuja kubishana na udongo wa kwao bila kukutafuta.

4. Siku tatu kabla: loweka udongo.
Mwenye nyumba na wawili watatu wanatosha. Vunja mabonge, toa mawe na mizizi, mwagia maji, funika kwa turubai. Udongo uliolowa siku kadhaa hulainika hadi ndani, na kuukanyaga huwa kazi ya saa moja badala ya asubuhi nzima.

5. Siku moja kabla: mashina ya migomba.
Vipande vya shina ndivyo kalibu ya njia ya moto. Vinazikwa ndani ya udongo, na vikinyauka vinatolewa, nafasi inabaki. Uzuri wa shina la mgomba ni kwamba lina magamba: likiwa nene unabandua gamba moja, unapima, unabandua jingine, hadi unene uwe ule unaoutaka.

Onyo hapa, na ulisome mara mbili. Mnyauko wa migomba uligundulika Uganda mwaka 2001 na umeshamaliza mashamba mengi. Unasafiri kwenye panga. Ukikata shina kwa mzee huyu kisha ukavuka kwenda kukata kwa mwingine bila kusafisha panga, unaweza kumwachia ugonjwa shambani kwa ajili ya jiko. Pitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto kweli, au lioshe kwa Jik, kila unapobadilisha shamba, na kama inawezekana hata kila unapobadilisha shina. Usichukue shina la mgomba wenye majani yaliyonyauka na kuwa manjano, au unaotoa utomvu wa manjano ukiukata.

6. Asubuhi ya kazi: kila mtu na kijiti chake.
Usitumie futi. Futi inabaki kwako. Mpe kila mtu kijiti kilichonyooka cha urefu wa mkono, mkate alama hizi kwa kisu, kutoka ncha moja:

- alama ya kwanza, sentimita 1: nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko;
- ya pili, sentimita 12: unene wa njia ya moshi;
- ya tatu, sentimita 14: upana wa mdomo wa kuni na wa chumba cha moto;
- ya nne, sentimita 30: kutoka sakafuni hadi chini ya sufuria ya kwanza.

Mpimie mmoja, yeye ampimie wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Kisha vilinganisheni vyote kwa kuvisimamisha pamoja mezani. Kitakuwapo kimoja au viwili vilivyoteleza, mwenyewe akisahihishe. Watu hucheka sana hapa, na ni vizuri, kwa sababu wakifika kwenye udongo hakuna anayeuliza tena mdomo uwe na upana gani.

7. Gawa kazi, kisha zungusha.
Watatu wakanyage udongo, watatu wachanganye vumbi la mbao, watatu waandae mahali, wengine wakate mashina. Kila baada ya nusu saa, wote wahame. Kijana mwenye nguvu atataka kubaki kwenye kukanyaga siku nzima, mtoe. Bibi atajiweka pembeni amenye maharagwe. Mwite aje aseme jiko liwe na urefu gani, maana ndiye atakayeinama.

8. Mahali na msingi.
Jiko likae ndani ya jikoni, ukutani, penye njia ya kutolea bomba la moshi nje. Kama paa ni nyasi au turubai, bomba lisipite juu kabisa: lipitishe ukutani, kisha lipande upande wa nje, mbali na paa, hadi lipite usawa wa ukingo wake. Chimba sakafu kidogo, mwagia maji, shindilia tabaka la kwanza. Mwenye nyumba achuchumae au asimame mbele kama anapika, ndipo mjue mdomo wa kuni utazame wapi. Mdomo usielekee mlango moja kwa moja, upepo utasumbua moto.

9. Panga vipande vya mgomba.
Kimoja kilale sakafuni, unene wa alama ya tatu: hapo ndipo kuni zitakapoingia. Kimoja kisimame kwenye ncha yake ya ndani, hadi alama ya nne: hapo moto utapanda. Kutoka ubavuni mwa shimo la sufuria ya kwanza, weka kipande chembamba, alama ya pili, kiingie chini ya sufuria ya pili. Kingine kama hicho kitoke kwenye sufuria ya pili kwenda kwenye bomba.

Nadharia inayohitajika ni hii tu: moto upande wima kwanza kabla ya kugusa sufuria, na njia isibanwe popote. Mmarekani Larry Winiarski aliipanga kanuni hiyo miaka ya 1980, na majiko mengi ya udongo ya siku hizi yanaifuata. Tuendelee.

10. Shindilia.
Kuzunguka chumba cha moto, unene wa kiganja, tumia udongo uliochanganywa na vumbi la mbao, nusu kwa nusu. Vumbi likiungua litaacha vitundu vya hewa, na joto halitapotelea ukutani. Sehemu nyingine ni mchanganyiko wenu wa tofali. Udongo uwe mgumu: ukiubinya ukipenya kati ya vidole, una maji mengi, ongeza mkavu. Pigeni tabaka kwa tabaka kwa ngumi na kwa mti, kila tabaka lisizidi upana wa kiganja.

Kosa la kawaida kuliko yote ni haraka ya saa nane mchana. Njaa imeingia, watu wanaanza kubandika mabonge bila kuyapiga. Kula kwanza. Kweli, simamisha kazi, kula, kisha rudi.

11. Zamisha sufuria.
Lowesha sufuria kwa nje, iweke mahali pake, izungushe polepole kulia na kushoto huku ukisukuma udongo uifuate. Ikikaa, itoe, kisha kwangua ndani kwa kisu hadi nafasi iwe alama ya kwanza pande zote. Acha vinundu vitatu vya udongo vya kuishikilia. Ukingo wa juu ufunge vizuri, moshi usipenye.

Kila mshiriki aitoe na kuirudisha sufuria mwenyewe, hata kama udongo utachafuka. Hapa ndipo wengi hukosea wakiwa peke yao: nafasi ikiwa pana mno moto unapita bila kugusa sufuria, ikiwa finyu mno moshi unarudi usoni.

12. Kabla ya kutawanyika.
Pangeni jiko la pili ni la nani na siku gani, ndani ya wiki mbili. La pili liongozwe na mshiriki, wewe ukiwa umeketi nje. Ukiulizwa jambo, rudisha swali kwa kikundi. Kama hamkupanga tarehe kabla ya watu kunawa mikono, jiko la pili halitajengwa.

13. Kukausha.
Wiki tatu hadi nne, bila moto. Mwenye nyumba alipake udongo mwepesi kila anapoona ufa. Mashina yakishanyauka, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, yatolewe taratibu. Yasivutwe kwa nguvu. Kipande kitakachogoma kiachwe, kitaungua.

14. Moto wa kwanza na mizani.
Mwite kila mtu. Anzeni kwa vijiti vidogo, nusu saa, jiko lipate joto. Kuni zikae juu ya kipande cha bati au kigae kilichowekwa katikati ya mdomo, hewa ipite chini.

Kisha pikeni maharagwe yale yale, kipimo kile kile, mara mbili: moja kwenye mafiga, nyingine kwenye jiko jipya, kuni zikiwa zimepimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Maharagwe yawe yamelowekwa pamoja usiku uliotangulia. Zikibaki kuni, pimeni zilizobaki. Usiwatajie asilimia ulizosikia redioni. Wasome mizani wenyewe, na kama tofauti ni ndogo, mjue jiko lina kasoro na mlitafutie.

Mambo yakienda vibaya

*Jiko limepasuka kabla ya kutumika.* Nyufa nyembamba ni kawaida, paka. Ufa unaoingiza kidole umetokana na udongo wenye maji mengi au jua kali. Chimba ufa, lowesha, jaza mchanganyiko wenye nyasi zaidi, funika kwa majani ya mgomba.

*Moshi unatoka mdomoni mwa kuni.* Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. Kuni mbichi, au zimejazwa hadi juu. Kipande cha mgomba kimebaki njiani: ingiza mti mrefu usukume. Bomba fupi, au upepo unalipiga: liongeze urefu hadi lipite ukingo wa paa, ulifunike kofia ya bati.

*Sufuria ya pili haichemki.* Haikusudiwi kuchemka haraka kama ya kwanza. Tumia kwa mchuzi, maji ya kuoga, au kuivisha polepole. Ikiwa baridi kabisa, njia ya kutoka sufuria ya kwanza imebanwa.

*Kingo za mdomo zinamomonyoka.* Watu wanavunjia kuni mdomoni. Weka kipande cha tofali la kuchoma pale, na uwaambie watoto.

*Mwenye nyumba amerudi kwenye mafiga.* Muulize, usimhubirie. Mara nyingi sufuria ya matoke ya wageni haingii kwenye shimo, au anataka moto wa kuota usiku wa baridi. La kwanza mnaweza kulirekebisha kwa kukwangua na kupima upya. La pili, mwache na mafiga yake nje.

*Mshiriki mmoja anajua kila kitu na hawapi wengine nafasi.* Mpe jiko la pili aliongoze, kwa sharti moja: mikono nyuma.

*Mwezi umepita na hakuna aliyejenga.* Tembelea nyumba tatu, ukiwa na kijiti chako. Omba uone chao. Kama hakipo, siku ile walitazama. Rudia hatua ya sita na ya kumi na moja nao. Kama kipo, kinachokosekana huwa ni toroli, au mtu wa kukanyaga udongo. Hilo halihitaji mafunzo mengine. Tafuta toroli, wapigie simu wawili kati ya wale kumi na wawili, mpange Jumamosi.